Ndoo Zilizoridhika

Mama Sijali, jirani yangu wa ukuta mmoja, anadai kwamba siku ile ndoo zilitembea zenyewe. Anasema zilitoka kwenye foleni moja moja kama wazee wanaokwenda kutoa mkono wa pole, zikapanda ngazi tatu za ofisi, zikajisogeza mpaka dirishani, na kila moja ikainamisha mkono wake wa waya na kupiga kura. Karani akaziandika. Ndoo yake ya kijani, anasema, ilikaa dirishani kuliko zote kwa sababu ina kiraka, na ndoo yenye kiraka haiamui jambo bila kufikiri. Hapo watu hucheka. Yeye mwenyewe hucheka mpaka ashike ubavu. Kisha anafuta macho kwa ncha ya kanga na kumalizia vilevile kila mara: "Basi si tulipiga? Nani atasema Bondeni hatukupiga kura?"

Simkatalii mbele ya watu. Mama Sijali alinipa chumvi siku nyingi ambazo sikuwa nayo, na mtu wa chumvi humkosoi hadharani. Lakini yeye hakukaa pale ofisini, na mimi nilikaa. Ndoo hazikutembea. Zilisogezwa. Kati ya hayo maneno mawili ndimo ninamoishi tangu siku ile. Kwa Mama Sijali ilikuwa mwaka juzi, kwa wengine ni juzi tu, wapo wanaosema haijafika bado. Kwangu ni Jumanne, na haijaisha.

Niseme kwanza desturi yetu, maana bila hiyo hakuna la kuelewa. Huku Bondeni mtu hasimami foleni, mtu huweka. Unafika kisimani, unaiweka ndoo yako nyuma ya ndoo ya mwenzio, unakwenda zako kukaanga, kushona, kunyonyesha. Foleni ikisogea, aliye nyuma yako anaisukuma ndoo yako kwa mguu kabla hajaisukuma yake. Hatuulizani, hatushukuriani. Mtoto wetu hujua kusogeza ndoo ya mwenzie kabla hajajua kuamkia. Na kuna jambo moja halifanywi: ndoo ya mtu haipinduliwi. Ukiipindua ndoo ya mtu mdomo chini umemtoa kwenye foleni, umewaambia watu kwamba huyu hayupo. Kuna ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja ana wajukuu, hawazikani mpaka leo kwa sababu ya debe moja lililopinduliwa katika kiangazi ambacho hakuna anayekikumbuka.

Mimi kazi yangu ni kushika foleni. Nilipomaliza darasa la saba jina langu halikutoka kwenye karatasi ya waliochaguliwa, basi nikabaki nimesimama. Wenzangu walikwenda walikokwenda, mimi nikasimama, na kidogo kidogo watu wakagundua kwamba najua kusimama. Foleni ya mashine ya kusaga, foleni ya zahanati, foleni ya maji. Wananiachia vyombo vyao kwa kuwa sisinzii na siondoki, na kwa kuwa naangalia. Mtu anayesimama sana huona mengi. Huona, kwa mfano, kwamba mwenye haja kubwa huja mapema, na mwenye nguvu haji kabisa, lakini hupata.

Gari la spika lilipita likasema: Jumanne ni kura, kila mtu na kura yake, foleni ofisini. Likageuka, likaondoka. Halikusema kura ya nini. Mama Sijali akasema lazima ni ya sukari. Fundi Makame, mshonaji wa mtaani kwetu, akasema wanamchagua mtu wa kuvaa joho, na kama ni joho basi bora wamchague mnene, kitambaa kisiharibike. Watu wakacheka, wakalala. Hatukuuliza. Kuuliza huku kwetu ni kama kuonyesha kwamba hujui, na mtu mzima hapendi kuonekana hajui, kwa hiyo tukakaa na kutojua kwetu kila mtu chumbani mwake, tukidhani wenzetu wanajua.

Ofisi ilikuwa na madirisha mawili. La upande wa kivuli lilikuwa la Mtaa wa Juu, wale majirani zetu wa mlimani. Wao walikuta mabenchi, wakaingia na kutoka kama watu wanaonunua mkate. La upande wa jua lilikuwa letu. Foleni yetu ilisogea mtu mmoja, ikalala. Ikasogea mwingine, ikalala tena. Juu ya dirisha palikuwa na saa kubwa iliyochorwa kwa rangi nyeusi, mishale yake imeganda kwenye saa kumi kamili, ambayo ndiyo saa ya kufunga. Kwa hiyo tangu tulipofika asubuhi muda ulikuwa umekwisha, na tulikuwa tunaendelea kwa hisani ya karani. Jua nalo lilikaa juu ya bati la ofisi halitoki. Sijui lilikaa saa ngapi. Nilikiangalia kivuli cha mguu wangu mpaka nikakichoka, na hakikuwa kimerefuka hata kidole.

Foleni ile haikuwa ndefu kwa bahati mbaya. Hilo nalisema kwa kuwa foleni nazijua. Ipo foleni ndefu kwa sababu watu ni wengi, na ipo foleni iliyopimwa, kama nguo, iwe ndefu kuliko subira ya aliyeshonewa. Mtu mwenye sufuria jikoni amepimwa. Mtu mwenye mtoto mgongoni amepimwa. Aliyeishona foleni ile aliujua urefu wetu.

Wa kwanza kukatika alikuwa Mama Sijali.

"Mwantumu," akasema, "maandazi hayajikaangi. Nishikie."

"Haya, mama."

"Nikichelewa, uniitie jina vizuri. Sijali ni la mtoto. Mimi mwenyewe ninaitwa Zuwena, usije ukaniandikisha mtoto."

Akaiweka ndoo ya kijani, akaenda. Fundi Makame akafuata, akaweka dumu la mafuta lililokatwa juu pale aliposimama, mbele yangu kabisa. "Nina suruali ya mtu wa harusi," akasema. "Bwana harusi akitoka bila suruali utajibu wewe?" Wakaweka wengine saba, ndoo, beseni, debe, na kila mmoja akataja kinachomwita nyumbani. Ndoo yangu ya rangi ya kupaka nikaiweka nyuma ya vyombo vyote tisa. Nyuma yangu alisimama Mzee Ngwali, mpiga lipu wa zamani kutoka uchochoro wa pili, mtu mwenye adabu mpaka kuku humpisha. Yeye alikuja mwenyewe na kusimama, kwa kuwa hana tena kinachomngoja nyumbani.

Nikaanza kazi yangu. Foleni ikisogea, nasukuma. Sogea Mama Sijali. Sogea Fundi. Nilikuwa nawataja kwa majina ili nisimruke mtu, na kadiri nilivyowataja ndivyo nilivyoanza kuwachanganya na vyombo vyao. Dumu la Fundi lilikuwa na namna ya kukwaruza ardhi kama mtu anayesafisha koo kabla ya kutania. Ndoo ya kijani ilikwenda kwa kuyumba, kama mwenyewe. Nikajiuliza, mbona wapo? Mbona nawasikia kabisa? Kitu kinachokushikia nafasi, ni wewe au ni nafasi tu? Na kama ni wewe, aliyeko nyumbani anakaanga maandazi ni nani? Niliwaza hivyo, na jua lilikuwa kichwani. Kuna wakati nilinyoosha mguu nisukume ndoo yangu nikakuta siijui ni ipi. Zote zilikuwa zangu. Zote zilikuwa za watu. Nikasimama mguu ukiwa hewani mpaka Mzee Ngwali akasema kwa upole, "Ile ya rangi, mwanangu," na mimi nikarudi kuwa mimi.

Foleni ilipofika kwenye ngazi nikaliona tangazo.

Lilibandikwa pembeni mwa dirisha, juu kuliko kimo cha mtu, herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Watu wote waliotangulia walipita chini yake. Mimi nilikuwa na muda. Nikapanda ngazi ya tatu, nikasimama kwa vidole vya miguu, nikashika dirisha, nikasoma kama nilivyofundishwa, neno kwa neno, midomo ikitembea.

Swali, lilisema, ni hili: Kisima kizungushiwe ukuta wenye mlango mmoja, na ufunguo ukae Mtaa wa Juu kwa Mwenye Ufunguo? Anayefika mwenyewe ataulizwa, naye atajibu ndiyo au hapana. Chombo kitakachofika dirishani bila mwenyewe kitahesabiwa kuwa kimeridhika.

Nikasoma tena kutoka mwanzo. Nilitaka kuona kama neno lile litabadilika. Halikubadilika. Kimeridhika.

Nikashuka. Mbele ya ndoo ya kijani walikuwa wamebaki watu wanne. Nikaviangalia vyombo tisa vya Bondeni vimejipanga, midomo wazi, kila kimoja kikiangalia mbinguni, na nikaelewa kwamba kwa siku nzima nilikuwa nawasukuma jirani zangu, mmoja mmoja, kwa mguu wangu mwenyewe, kwenda kukubali ukuta. Kisima chetu hakijawahi kuwa na mlango. Mama Sijali huchota mara nane kwa siku. Fundi ana mke aliyelala tangu mvua za mwanzo, wa kuoshwa asubuhi na jioni. Mlango mmoja, na ufunguo ukae kule mlimani ambako mbwa hufunguliwa mchana.

Palikuwa na njia fupi. Nilijua ipo. Kuvipindua. Mkono wangu ulifika kwenye ukingo wa dumu la Fundi, nikalishika. Chombo kilichopinduliwa hakiko kwenye foleni, na kisicho kwenye foleni hakiridhiki. Nikalishika na sikulipindua. Nikaona nyuso zao. Nikasikia watu wakisema Mwantumu, tuliyemwachia nafasi zetu, ametutoa tisa kwa mkono mmoja. Na zaidi ya hapo, kulikuwa na swali ambalo sikuweza kulivuka wala silivuki leo: kama si haki karani aseme mtu asiyekuwepo amekubali, ni haki mimi niseme asiyekuwepo amekataa? Nani amenipa vinywa vya watu? Labda hilo ni swali zuri. Labda lilikuwa woga uliovaa nguo ya swali. Watu wenye adabu tuna nguo nyingi za kuvisha woga.

Basi nikaamua kwenda kuwaita. Nikamgeukia Mzee Ngwali nikasema lile neno ambalo kila mtu wa Bondeni husema akiondoka kwenye foleni, neno linalotoka lenyewe kama pumzi.

"Baba, niangalizie. Narudi sasa hivi."

"Nenda, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Nikashuka mbio. Nilikuwa nimesoma lile tangazo kwa ajili ya watu tisa walioko mbali, na sikumsomea mmoja aliyekuwa nyuma yangu.

Bondeni niliikuta si kama nilivyoiacha. Fundi Makame alikuwa anashona katikati ya njia. Cherehani yake ilikuwa hatua kumi nje ya baraza, na uzi ulitoka kwenye sindano ukarudi nyuma mpaka ndani ya nyumba, umenyooka kama kamba ya kuanikia.

"Fundi, mbona uko nje?"

"Nje wapi? Niko barazani kwangu."

"Angalia nyuma."

Akaangalia. Akaliona baraza lake liko kule. Akalitazama kama mtu anayemtazama mgeni anayefanana na ndugu yake. "Mwantumu," akasema polepole, "nani amesogeza nyumba?"

Huko mbele Mama Sijali alikuwa na jiko lake kwenye kona, mahali ambapo hakuwahi kukaanga tangu kuolewa kwake, na maandazi nyuma yake yameacha mstari wa matone ya mafuta kwenye vumbi. Wote tisa walikuwa hivyo. Kila niliposukuma chombo kule, mwenyewe huku alijongea hatua moja bila kujua, na kazi yake mkononi.

Nikawaambia. Nikawapa swali lote kama lilivyoandikwa: ukuta, mlango, ufunguo, na lile neno la mwisho.

"Kwa hiyo si sukari," akasema Mama Sijali.

"Si sukari, mama."

"Hiyo sheria umeisoma wewe?" Fundi akaniuliza. "Wewe wa darasa la saba?"

"Ni zile zile herufi za darasa la kwanza, Fundi. Hawakuongeza nyingine."

"Mimi sikatai. Nauliza tu. Mtu akiniambia nimekubali jambo na mimi nipo hapa nashona, lazima niulize."

"Usiniulize mimi. Twende ukaulizwe dirishani."

Akafungua mdomo kunijibu, na hapo akasogea. Cherehani na yeye, hatua moja, kwa pamoja, kama gunia lililosukumwa. Mama Sijali akasogea. Jiko likamwaga kaa moja. Na mguu wangu wa kulia ukainuka ukatua mbele, na mimi sikuutuma.

Nikauangalia mguu ule. Sijawahi kukiogopa kitu kama nilivyouogopa mguu wangu. Maana mimi nilikuwa Bondeni na niliyepaswa kusukuma ni mimi. Kama tunasogea, basi kuna anayesukuma. Nikamwona moyoni Mzee Ngwali, mgongo wake ulionyooka, mguu wake wa kandambili ukigusa ndoo ya kijani kwa upole, halafu beseni, halafu debe, zote tisa, na yangu ya kumi, kabla hajasogeza yake. Nilimwambia aniangalizie. Anaangalizia.

"Acheni kila kitu," nikasema. "Kimbieni."

Walikimbia. Hilo niliandike, kwa sababu Mama Sijali halisemi anapohadithia. Bondeni ilikimbia. Wanawake walifunga kanga vifuani, Fundi alikimbia na suruali ya bwana harusi begani, pini zikimwagika nyuma yake. Tulipanda njia ya ofisi tisa na mimi wa kumi, na njia ikawa inarefuka. Kila tulipofika kwenye mti wa mzambarau tulikuta mzambarau uko mbele. Jua halikushuka. Niliiona saa ya rangi kwa mbali, saa kumi kamili, imenitazama.

Mama Sijali ndiye aliyesimama kwanza. Hakujikwaa, hakuchoka. Alisimama tu katikati ya njia, mabega yakamshuka, uso ukalainika kama wa mtu aliyemaliza kunawa.

"Mwantumu, mwanangu," akasema, "tunakimbilia nini hasa?"

"Mama, kura."

"Si nimeshapiga."

"Hujapiga, mama. Ndoo yako imefika dirishani, basi. Twende."

"Sijui. Nasikia kama nimeshapiga." Akatabasamu. Mama huyu alikuwa ameniuliza maswali sita tangu kona ya mtaa. "Na ukuta si mbaya, ukifikiri. Ukuta una kivuli."

Nikamshika mkono nikauvuta. Ulikuwa mwepesi, hauna anayeushikilia kwa ndani. Akauchomoa taratibu, akageuka, akaanza kurudi nyumbani akiimba mdomoni. Njiani alimpisha mwenye beseni, ambaye naye alikuwa amesimama. Kisha mwenye debe. Wote kwa namna ile ile: mtu anakimbia, uso umekaza, halafu ghafla uso unafunguka, anaangalia huku na huku kama aliyeamshwa kwa wema, na anakumbuka kazi aliyoiacha. Sikusikia hata mmoja akilia. Ningependa wangelia. Nilidhani karani akiandika uongo juu ya mtu, mtu atabaki alivyo na uongo utabaki kwenye daftari. Nilikosea. Walipoandikwa wameridhika, waliridhika.

Tukabaki mimi na Fundi, chombo chake kikiwa cha mwisho mbele ya changu. Alikuwa ameelewa. Aliwaona wanane wakirudi, na kicheko kilimtoka usoni kabisa, nikaona sura yake ya chini, ambayo mke wake pengine huiona.

"Nishike," akasema. "Nishike sana, Mwantumu. Ninakaribia kuridhika."

Nikamshika kifundo cha mkono kwa mikono miwili. "Taja mkeo, Fundi. Mtaje."

"Tatu. Tatu anaoshwa asubuhi na jioni. Tatu anaoshwa asubuhi." Alikuwa anasema kwa nguvu kama anayepanda mlima. "Tatu anaoshwa." Nikausikia mkono unalegea ndani ya mikono yangu. Akauangalia begani kwake ule mguu wa suruali uliokuwa unaning'inia.

"Niachie basi," akasema kwa sauti ya kawaida. "Nina suruali ya mtu."

Njia ikaacha kurefuka, nikapanda ngazi peke yangu.

Mzee Ngwali alikuwa amefika juu. Mbele yake palikuwa na ndoo yangu ya rangi, chini ya dirisha kabisa, na vile vyombo tisa vimepangwa pembeni vizuri kwa kufuatana, kama alivyozoea kupanga vifaa vyake vya lipu. Aliponiona alifurahi.

"Umefika? Nimekusogezea zote. Hata moja sikuiacha nyuma."

Uso wake ulikuwa safi. Hapakuwa na hila ndani yake, wala ujinga. Alikuwa ametenda wema aliofundishwa na mama yake, na aliutenda vizuri kuliko mtu yeyote. Ilinibidi nimwambie nini? "Ahsante, baba," nikasema. "Mungu akulipe." Akanipisha nafasi yake dirishani, maana alikuwa amefika kabla yangu na bado aliona mimi ndiye wa mbele.

Nyuma ya nondo za dirisha alikaa Mshindo. Tulikaa dawati moja darasa la tano mpaka la saba. Alikuwa akinakili hesabu zangu, na mimi nilikuwa nikimwachia kiwiko wazi. Jina lake lilitoka kwenye ile karatasi ya waliochaguliwa.

"Mwantumu," akasema bila kuinua macho. "Umeshaandikwa."

"Sijafika, Mshindo. Ndiyo kwanza nafika."

"Ndoo yako imefika."

"Na mimi nimefika. Hapa nimesimama."

"Nakuona." Akainua macho, akaniona kweli, nafikiri. "Lakini kuona si kazi yangu. Kazi yangu ni kuandika."

Daftari lilikuwa wazi mbele yake. Kusoma maandishi kichwa chini nilijifunza dawatini, nilipokuwa namgeuzia yeye daftari. Safu mbili, ndiyo na hapana. Zilikuwa zimekwenda bega kwa bega ukurasa mzima, mpaka zilipofikia vyombo vya Bondeni. Hapo safu ya ndiyo ikashuka peke yake, mistari kumi, na mstari wa kumi wino wake ulikuwa bado unang'aa. Karibu na mkono wake wa kulia ulikaa muhuri, na kifuniko cha wino kilikuwa kimeshafunguliwa. Muhuri ukigonga, ukurasa unafungwa, na ukuta unaanza.

"Bado haujakauka," nikasema.

"Nini?"

"Mstari wangu. Bado haujakauka."

Akautazama. Akainua macho kuelekea ilipo saa ya rangi, kana kwamba yeye hajui ni nani aliyeichora. "Wewe ulikuwa unazisukuma," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuona tangu asubuhi. Tisa zile umezileta wewe karibu njia yote. Sasa unataka nikwambie nini? Nikuhurumie?"

"Hapana. Si huruma."

Na hapo ikanianza. Ilianzia mabegani. Kitu cha uvuguvugu, kizuri, kama kuwekewa kanga iliyotoka kuanuliwa. Nikaona ukuta. Ulikuwa mweupe, umepigwa lipu nzuri, pengine Mzee Ngwali angepewa kazi. Ungekuwa na kivuli upande wa asubuhi. Nikawaza kwamba mlango mmoja unapunguza msongamano, na kwamba mimi mshika foleni ningekuwa na kazi zaidi, si chini. Mawazo hayo yalikuja kwa sauti yangu mwenyewe. Hiyo ndiyo hatari yake. Ningeyasikia kwa sauti ya Mshindo ningebishana nayo.

Nikakanyaga ngazi kwa nguvu ili joto la saruji lipite kwenye nyayo. Nikauma shavu kwa ndani. Nilishika nondo. Kulikuwa na kipande changu ambacho bado kilikuwa kinakereka, kidogo, mahali fulani nyuma ya koo, na nikakaa ndani ya kipande hicho kama mtu aliyebaki na chumba kimoja kisichovuja.

Mshindo alikuwa ameuchukua muhuri. Aliushikilia juu ya karatasi, akaupulizia pumzi kama tulivyokuwa tukipulizia vifutio, na kwa muda ule mkono wake haukushuka wala haukurudi.

"Mshindo," nikasema. "Sikuombi unifute. Sikuombi unipe. Umeandika jibu langu na hujaniuliza. Naomba uniulize. Niulize sasa hivi, kabla sijaridhika."